Maelezo ya Mashahidi Thelathini na Wanane

Wengine watakusimulia habari hii kwa kusikia, tena kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Mimi nilikuwepo. Wala si kuwepo kwa kuchungulia dirishani: mimi ndiye niliyeiba mkoba.

Usinitolee macho. Niliiba kwa kuombwa. Chuoni pale nilikuwa fundi bomba mwaka wa ishirini na mbili, na hapakuwa na bomba katika majengo yale nisilolijua na ukoo wake. Mhadhiri mmoja aliyefundisha mambo ya mashahidi na akili za wahalifu akanifuata stoo. Mtu mrefu, mkavu. Wanafunzi walimwita Mizani, kwa jinsi alivyopima kila neno kabla ya kulitoa.

"Fundi, una miguu?"

"Ninayo miwili, na yote mizima."

"Basi kesho saa nne asubuhi ingia darasani kwangu, nyakua mkoba ulio mezani, toka mbio. Usiseme neno."

Nilinyakua mkoba ule kama niliyezaliwa kwa kazi hiyo. Wasichana walipiga mayowe. Kijana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye mabega ya kubebea magunia, aliingia chini ya meza. Nikasimama nje ya mlango nikihema na kucheka, na ndani nikamsikia Mizani akisema taratibu, "Kalamu na karatasi. Kila mtu aandike alichokiona: nani aliingia, nani alikuwepo, nani aliketi wapi. Msiulizane."

Ndilo lilikuwa somo lenyewe. Alitaka wajionee jinsi macho yanavyodanganya, maana kesho wao ndio watakaowasikiliza mashahidi na kuamua nani wa kuaminiwa. Na kweli waliniandika vituko. Mmoja aliniona nina kisu. Mwingine alinipa ndevu. Yupo aliyesema ni kijana wa miaka ishirini, na huyo Mungu ambariki. Ovaroli yangu ya buluu iligeuka shati jekundu, koti jeusi, na kwa mmoja kanzu.

Sasa darasani humo alikuwemo binti aliyeitwa Jaji. Jina alilipata utotoni, kwa kuamua ugomvi wa watoto wa mtaa mzima, na lilimfuata hadi chuoni, alikokuja kwa nia moja: awe yule mtaalamu anayeketi na mshtakiwa chumbani, anamsikiliza, kisha anaiambia mahakama kilichomo ndani ya kichwa chake. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia. Lakini baba yake alikuwa amefariki miezi minne nyuma, na tangu siku hiyo Jaji hakucheka wala hakulia. Alihudhuria vipindi. Alikula alichowekewa. Watu wakimpa pole, alijibu "asante" kama mtu anayepokea chenji.

Mizani alimwita ofisini siku ile ile alasiri. Karatasi zilikuwa zimetandazwa mezani.

"Asubuhi uliketi na nani?"

"Peke yangu, mwalimu."

"Dawati lile ni la watu wawili."

"Nafasi ya pili ilikuwa tupu."

Mizani akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Mko thelathini na tisa. Kuhusu yule mwizi, hakuna wawili waliopatana, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini tazama hapa. Na hapa. Na hapa." Kidole chake kilishuka kutoka karatasi hadi karatasi. "Mama mtu mzima, nguo ya kijivu imelowa, mikono ameipakata, ameketi kushoto kwa Jaji anamtazama shavuni. Wote thelathini na wanane. Hata wale walioketi mbele, waliokupa mgongo."

Jaji alisoma. Miandiko mbalimbali, maneno yale yale.

"Nimefundisha somo hili miaka kumi na minne," Mizani akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mashahidi wakipatana namna hii, ujue kuna aliyewafundisha. Ni nani kawafundisha?"

"Sijui, mwalimu."

"Huogopi?"

Jaji alijitafuta ndani, kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta ufunguo. Hakuna kitu. "Hapana," akasema. "Naona sawa tu."

Hayo ya ofisini alinisimulia yeye mwenyewe baadaye, na mimi nikisimuliwa jambo ni kama nimeliona.

Wiki iliyofuata niliitwa chumbani kwao. Jaji aliishi na msichana waliyesoma darasa moja, mwongeaji wa kutisha, bweni zima lilimwita Redio. Akanipokea mlangoni kwa kunong'ona, na Redio kunong'ona ilikuwa habari tosha.

"Fundi, kuna kitu kinadondoka. Kandokando ya kitanda cha Jaji. Usiku na mchana."

Nikasikiliza. Lilikuwa tone, kweli. To. Kimya. To. Naijua sauti ya tone kama mama anavyojua kilio cha mwanawe: hili ni la bati, hili la zege, hili limeanguka ndani ya ndoo. Hili lilianguka juu ya nguo. Nikagonga ukuta, nikapima, nikapanda darini. Hapakuwa na bomba upande ule, wala halijawahi kuwepo. Na harufu ilikuwepo, ile ya nguo zilizolowekwa zikasahaulika siku tatu.

Jaji alikuwa ameketi kitandani anapiga pasi blauzi yake juu ya meza ndogo. Ananitazama, anapiga pasi. Ndipo Redio alipopiga ukelele, maana pasi ilikuwa imekaa juu ya vidole vya mkono wa kushoto, na ngozi ilikuwa inanuka, na Jaji alikuwa akiuangalia mkono ule kama mkono wa mtu aliyeketi naye kwenye basi.

"Ah," akasema. "Nimejiunguza."

Akaihamishia pasi kwenye kola.

Bado hakuogopa. Aliyeogopa alikuwa mfungwa.

Darasa lile lilipelekwa gerezani kwa mazoezi ya mahojiano. Kila mwanafunzi alipewa mfungwa mmoja aliyekubali kuzungumza, meza katikati, askari mlangoni. Gari la chuo lilikuwa na dereva mgonjwa, na nani mwingine aliyejua kuendesha kama si mimi? Mfungwa wa Jaji alikuwa mzee mnene, aliyeua watu wawili na kukaa ndani miaka kumi na mitano, mtu ambaye askari wenyewe walimpisha njiani. Jaji akafungua daftari. "Shikamoo mzee. Leo ningependa tuongee kuhusu utoto wako."

Yule mzee alikuwa anatazama pembeni ya bega la Jaji, chini kidogo, na taratibu aliivuta miguu yake nyuma, chini ya kiti, kama mtu anayekwepa maji yanayomjia sakafuni, na sakafu ilikuwa kavu.

"Mwanangu," akasema chinichini, "mwambie mama yako asogee. Ananilowesha."

"Mama yangu yuko nyumbani, mzee."

"Basi huyu ni nani anayekulamba shavu?"

Akaanza kulia. Muuaji wa watu wawili alilia kama mtoto, akaomba arudishwe selo, akaomba kufuli. Jaji akaandika daftarini: *mhojiwa amelia saa tano na dakika sita.* Kisha akakaa akijua kwamba hilo ni jambo la kumtisha mtu, akijua kama unavyojua jibu la hesabu.

Jioni mama yake alipiga simu, kama alivyopiga kila siku tangu msiba. Jaji alipokea, akasikiliza, akauliza kwa adabu, "Samahani, naongea na nani?" Mama akadhani ni utani. Akacheka. Jaji akarudia swali lile lile. Kesho yake asubuhi mama alikuwa getini na begi lake dogo.

Mama alitaka mtoa majini, na tuliyempata alikuwa mshona mapazia. Mimi nilimjua, niliwahi kumzibulia sinki. Mama mfupi, sindano mdomoni, hakuinua hata kichwa tulipoingia.

"Nina mapazia ya hoteli, yanatakiwa Ijumaa, kwa hiyo tusizungushane. Mkalisheni hapo. Si hapo, hapo ameshakaa mwenzake."

Mama yake Jaji alishika kifua. "Dada, unamwona?"

"Namwona anavyokula. Kaanza na huzuni, kaimaliza. Kaja kwenye maumivu, kayamaliza. Hofu ilikuwa kidogo, kaifuta sahani. Sasa yuko kwenye upendo, na wewe mama ndiye uliyebaki humo. Akishamaliza hapo, utabaki na mtoto anayepumua tu. Utampikia, atakula. Utamwita, ataitika. Basi." Akatoa sindano mdomoni. "Binti, ulimkaribisha lini?"

"Sikumkaribisha."

"Haingii asiyekaribishwa. Kumbuka."

"Sikumbuki."

"Si ndiyo kazi mnayosomea huko, kuwakumbusha watu?"

Jaji akafikiri. Mizani aliwafundisha njia moja ya kumhoji shahidi aliyesahau: aeleze mambo kinyumenyume, kuanzia mwisho kurudi mwanzo, maana uongo na usahaulifu huzoea kwenda mbele. Akafumba macho. Akaanza na simu ya jana, akarudi gerezani, akarudi kwenye pasi, akarudi darasani, akarudi safari ya kuja chuoni baada ya msiba, akarudi makaburini ambako alisimama mkavu watu wakimsifu kwa ujasiri, akarudi asubuhi ya maiti kuoshwa, akarudi usiku wa hospitali, korido ndefu iliyokuwa imetoka kupigwa deki na bado imelowa, muuguzi akifunga mlango wa chumba cha baba taratibu mno, taratibu ya kumfungia mtu ambaye hatafunguliwa, na yeye Jaji akiwa benchini akisema peke yake kwamba natamani nisisikie chochote, nisisikie chochote kabisa, na benchi likilalia upande mmoja kwa uzito wa mtu aliyekuja kuketi, na harufu ya tambara la deki, na sauti karibu na shavu lake, sauti ya huruma, ikisema *nipe mimi nikubebee*, na yeye, bila kugeuka, bila hata kutazama ni nani, akasema...

"Chukua," Jaji akasema. Akafumbua macho. "Nilisema chukua."

To, likadondoka tone. Chumba cha mapazia hakina bomba.

Mshona mapazia akatikisa kichwa. "Utayafuta maneno yako kwa mdomo wako. Lakini watu wengi wamemwona akiketi. Lazima hao hao wamwone akisimama na kutoka, la sivyo kiti bado ni chake. Na ujue, binti, akirudisha, anarudisha vyote kwa pamoja. Hakupi kwa kijiko."

Tukamwomba Mizani alikusanye darasa tena. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali. "Nitaliandika kuwa jaribio la pili," akasema. "Sitaandika zaidi ya hapo."

Saa nne asubuhi, watu wale wale, viti vile vile. Mshona mapazia alikaa nyuma kabisa, kaleta na pazia lake, anapinda. Mlango ni mmoja, na mimi niliwekwa hapo kuushika wazi, na mama yake Jaji nje, nyuma yangu, kwa kuwa hakuweza kutazama.

Jaji akasimama kwenye dawati lake. Hakuona kitu kushoto kwake. Aliona wenzake tu, nyuso thelathini na nane zimegeuka, macho yote yametua mahali pamoja, inchi chache kutoka shavuni mwake.

"Nafuta maneno yangu," akasema, kwa sauti ya kusoma tangazo. "Niliyosema benchini nayafuta. Baba ni wangu, na kilio ni changu. Nirudishie. Toka."

Matone, yaliyokuwa yakisikika tangu tulipoingia, yakakoma. Kisha macho yale yakaanza kupanda, yote kwa pamoja, polepole, kama ya watu wanaomtazama mtu mzima akijizoazoa kutoka kitini, yakapanda hadi kimo cha mtu aliyesimama, yakapita juu ya kichwa cha Jaji, yakashuka na njia ya katikati ya madawati hatua kwa hatua, na hakuna aliyepepesa, na shingo thelathini na nane zikageuka kama shingo moja kuja upande wa mlango, upande wangu, na mimi hapo nikasikia ubaridi ukinipita begani, na ovaroli yangu ikalowa upande mzima, na harufu ile ikanipanda puani ikaenda zake ukumbini.

Jaji akaanguka. Ukelele aliotoa sijausikia tena maishani. Miezi minne ilitoka mara moja, pamoja na pasi: aliushika mkono ulioungua akiita baba, baba, baba. Mama yake akanisukuma. "Fundi, umemwona? Katoka?"

"Nimemwona, mama. Kanipita hapa hapa. Kaenda."

Akakimbilia ndani kumkumbatia mwanawe, na binti akamshika shingoni, akamwita mama, akalia hadi sauti ikakatika.

Mizani akagawa karatasi. Wanafunzi wakaandika. Jaji alikuwa anagaagaa sakafuni kati ya madawati, na hakuna aliyeinua kichwa. Redio aliruka mguu wa Jaji kwenda kuchukua karatasi, akarudi kukaa, akaandika, hakusema neno. Zilipokusanywa zilikuwa thelathini na nane, na zote zilisema mama wa kijivu alisimama, akatembea, akatoka mlangoni.

Jaji alimaliza chuo. Analia akisikia nyimbo, anacheka hovyo, anampigia mama yake kila siku. Huyo kapona, sina shaka.

Na yote niliyokusimulia ni kweli tupu, nimeyaona, ila moja nimelitia mwenyewe. Ule ubaridi begani, ovaroli kulowa, na ile harufu kupita. Mama wa watu alikuwa analia, aliniuliza, ningemjibu nini? Mimi nilisimama mlangoni pale tangu mwanzo hadi mwisho, mkono kwenye kitasa, nguo kavu, na hakuna aliyenipita: basi alibaki mle ndani, na wale thelathini na wanane walioandika bila kuinua kichwa.