Kopo la Walambakutu

Mama Sifaeli, ambaye nyumba yake imeegemea ukuta wa gereji, anashikilia kwamba aliona kwa macho yake mawili, mchana kweupe, akiwa na akili zake timamu. Anasema gari la mchungaji lilikuwa limeegeshwa uani mwa gereji, limetoka tu kupakwa grisi, injini imepoa, na dereva amechuchumaa kando ya jiko la mkaa akiota moto. Mara utando wa kijivu ukaanza kudondoka kutoka uvunguni mwa gari, polepole, kama uji unaofurika sufuriani. Haukutawanyika. Ulijikusanya, ukavuka barafu ya uani hatua kumi nzima, ukalipita jiko, ukaingia kwenye buti alilovaa dereva.

"Jiko lilikuwa linawaka, lakini haukulitaka," alisema Mama Sifaeli. "Ulimtaka mtu! Siku ya tatu akawa hawezi hata kusimama. Mke wake akaja, akamshika mikono, akamwinua. Sasa hivi dereva anatembea, anakula, anapiga miluzi. Mke ndiye amelala."

Watu walicheka. Si ndiye huyu aliyesema mwaka juzi kwamba friji yake inamsengenya?

Vumilia Chaula hakucheka. Aliendelea kusuuza ndoo yake pale gereji, huku akisikiliza.

Tangu miavuli ya anga itandazwe juu kabisa ili kulipunguzia jua ukali, watu wa pwani walipumua. Huku Makete, milimani, walipewa miezi mitano ya barafu kila mwaka. Barabara zilimwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi ikawa inayala magari kutoka chini. Baada ya misimu miwili ya baridi, dereva aliweza kukanyaga breki na mguu ukatokea barabarani.

Ndipo walipoletwa walambakutu. Ni mashine ndogo kuliko chembe ya unga, maelfu kwa maelfu, zimechanganywa kwenye grisi ya kijivu ndani ya kopo. Fundi akiipaka uvunguni, zinaamka. Zinatembea juu ya chuma, zinatafuta mahali chuma, chumvi na unyevu vilipokutana, zinalamba kutu, na nyuma yake zinaacha utando laini wa nta. Kwenye kifuniko kuna maandishi: *Amsha juu ya chuma cha gari. Mlambakutu hukumbuka alipoamkia.* Kwa hiyo akipukutishwa na jiwe njiani, hurudi mwenyewe kwenye gari lake.

Kaka yake Vumilia, fundi Osward, hakuwa mtu wa kusoma vifuniko. Kwenye baridi ile grisi ilikuwa ngumu kama jiwe, haipakiki. Basi alifanya kama mafundi wote wa pale Tandala: alilegeza kifuniko kidogo, akaliingiza kopo ndani ya sweta, likagusa ngozi, akafanya kazi nalo hadi grisi ilainike. Bibi yao alikuwa akiwafuga vifaranga kifuani namna hiyohiyo msimu wa baridi. Nani angeona ubaya?

Lakini Vumilia, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha uvungu kwa maji ya moto kabla kaka yake hajapaka, alikuwa na tabia ya kutazama. Juma zima aliona magari yaliyopakwa yakirudi na kutu nyekundu, bila hata alama ya kijivu. Aliona pia viganja vya Osward vikipauka, na ngazi tatu tu za shimo la gereji zikimfanya ahemewe.

"Kaka, unaumwa."

"Baridi tu, Vumi. Unanikagua kama askari wa trafiki, utafikiri sina leseni."

Sasa, maneno ya Mama Sifaeli yakimzunguka kichwani, aliiacha ndoo akaenda ukingoni mwa shimo. Osward alikuwa chini, akigongagonga uvungu wa lori la viazi.

"Kaka, pandisha sweta."

"Mbele ya lori la watu?"

"Pandisha, nakuomba."

Alipandisha huku akicheka. Juu ya kitovu palikuwa na duara la kijivu, ukubwa wa kopo, linang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Hapakuwa na kidonda wala tone la damu. Nta ilikuwa imeziba vizuri sana.

Kicheko kilimkauka mdomoni.

Vumilia alichukua kipande cha springi kilichojaa kutu, akakichovya kwenye maji ya chumvi, akakipasha jikoni mpaka kikawa vuguvugu, akakishusha kwa koleo. "Kiweke hapo. Kama ni chuma wanachotaka, watatoka."

Duara lilitikisika. Utando ulichomoza kwenye ngozi, ukapanda juu ya springi, ukaitambalia yote. Kisha ukarudi ulikotoka. Kutu ilibaki vilevile, haijaguswa.

"Hawajaipenda," alisema Osward kwa sauti ndogo, kama mtoto.

Vumilia alipiga namba iliyokuwa kwenye kopo. Ikapokea sauti ya mashine, tamu, isiyo na haraka, ikisikika hadi shimoni.

"Karibu. Gari lako ni la aina gani?"

"Si gari. Ni mtu. Wako ndani ya mtu!"

"Samahani, aina hiyo haipo kwenye orodha yetu. Walambakutu hawana madhara kwa binadamu."

"Waliamkia tumboni kwake. Damu ina chuma, ina chumvi, ina maji, au siyo? Niambie namna ya kuwatoa!"

Sauti ilijibu kwa utamu uleule. "Mlambakutu huacha chuma chake kwa sababu moja tu: akifikishwa kwenye chuma cha namna ileile, kilicho kipya zaidi. Vigusanishe viwili. Gari lako ni la aina gani?"

Kaka na dada walitazamana. Hakuna aliyemtaja mke wa dereva na ile mikono aliyoishika.

Osward alijaribu ngazi ya kwanza. Akashindwa kupanda. Aliteleza polepole ukutani mpaka akakaa kwenye matope ya chumvi, midomo imekuwa rangi ya majivu.

Vumilia alivua glavu. Alilala kifudifudi ukingoni, saruji ya baridi ikimchoma kifua, akanyoosha mkono mpaka bega likauma. 

"Usishuke," alisema Osward. "Vumi, usithubutu."

"Sishuki. Wewe nipe mkono tu."

Osward alikunja mikono yake yote miwili, akaibana kwapani. Akageuza uso, akautazama uvungu wa lori ambako kutu ilikuwa ikipukutika. Na sweta lake, bila yeye kujitikisa, likaanza kuinuka upande mmoja, upande alikokuwa Vumilia.

Vumilia aliliona. Aliogopa. Mkono hakuurudisha.

"Kaka," alisema. "Nipe mkono."