Ng'ombe wa Matanga Hakumaliza Kesi

Kila asubuhi jirani yangu Kavindu huuza mahamri na mbaazi kando ya soko la Ukunda. Mimi, Shutu, ndiye niliyemfundisha kupika. Mkamba yule! Siku ya kwanza mahamri yake yalikuwa magumu, tukamcheka mpaka machozi yakatutoka. Sasa wafanyakazi wa hoteli za Diani wanayagombania.

Lakini mwaka wa 1997 Kavindu hakuwa na raha. Mumewe, Mutinda, alikuwa mtunza bustani hotelini. Mwaka uliotangulia, lori la mchanga lililokuwa likienda mbio liliacha barabara, likamgonga, akafa palepale. Kaka yake, Kilonzo, alikuwa akitembea naye na aliona kila kitu.

Mwaka huo binti mkubwa wa Kavindu, Mwendwa, alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka sekondari kwa kukosa karo. Nilimwambia Kavindu aende akadai haki yake.

"Nitadai vipi, dada Shutu?" alijibu. "Mwenye lori alileta ng'ombe matangani, nasi tukamla. Shemeji Kilonzo anasema tulipokula tulikubali yaishe."

"Ebo! Mlikula nyama au mlikula kesi?" Hasira zilinipanda. Nikawachukua wote wawili, Kavindu na Kilonzo, mpaka kwa Nafula, msaidizi wa sheria katika ofisi ya kanisa. Kilonzo alikuja amenuna.

Nafula alitusikiliza, kisha akauliza, "Mlitia saini popote? Au kidole?"

"Hapana," akasema Kilonzo. "Tulikula tu."

Nafula akacheka. "Basi ile ilikuwa rambirambi. Haifungi kesi. Mtu akiuawa na uzembe wa mwingine, mke au mume wake, watoto wake na wazazi wake wanaweza kudai fidia, kwa sababu wamempoteza aliyekuwa akiwatunza."

"Na kaka?" akauliza Kilonzo.

"Kaka hadai. Lakini wewe ni shahidi. Usiposema wewe, nani atasema lori liliacha barabara?"

Kilonzo akainama. "Mtu amekuja kunipa pole, nimekula ng'ombe wake, halafu niende kortini kumsema? Nitauweka wapi uso wangu?"

"Hutamtukana. Utasema ulichokiona. Tena lori lina bima, na bima hukatwa kwa ajili ya mambo kama haya."

Kilonzo akatikisa kichwa. Kavindu akamgeukia.

"Shemeji, wewe ndiye uliyemfumba macho Mutinda alipokufa. Wanawe hawana mwingine wa kuwasemea."

Maskini, mwanamume mzima akalia. "Nitasema," akajibu.

Nafula akatueleza la kufanya. Tulihitaji cheti cha kifo, ripoti ya polisi, barua ya chifu kuonyesha kwamba Kavindu ni mke wa marehemu, na barua ya hoteli kuhusu mshahara wake. Kisha wakili angeiomba mahakama imruhusu Kavindu kusimama kwa niaba ya marehemu.

"Msikawie," akatuonya. "Kesi hufunguliwa kabla ya miaka mitatu kwisha tangu siku ya kifo. Na mtu akiwaletea karatasi mtie saini, ileteni hapa kwanza."

Tulizunguka sana, wallahi, mpaka viatu vyangu vikatoboka. Siku ya kesi Kilonzo alisimama akasema yote aliyoyaona. Kavindu akashinda, na bima ikaamriwa kulipa. Fungu la watoto mahakama iliagiza liwekwe benki, litumike kwa masomo yao.

Mwendwa alirudi shuleni mwaka wa 1999. Jumamosi moja kabla hajaondoka, Kavindu alichinja mbuzi akatualika. Nilipika pilau kwa mikono yangu, na Nafula akaja na kanga mpya, amependeza kweli.

Kilonzo alipopewa sahani yake hakuigusa. Alimtazama Nafula.

"Mwanangu, niambie mapema. Nikimla mbuzi huyu, nitakuwa nimekubali nini?"

"Kuosha masufuria!" akajibu Nafula.

Tulicheka tukashika mbavu. Kilonzo akala akashiba, kisha akakunja mikono ya shati, akayaosha yote.