Jina Lililopelekwa Kijitoni

Nywele za mtoto zilikataa kukauka. Wegesa alimfuta kwa kanga, akamweka juani mlangoni, na baada ya kitambo utosi ukawa chapachapa tena, ukinuka tope la kijito cha Mosense.

Mtoto alikuwa wa siku nne, jina lake Mseti. Jina alilitoa Mokami, na haki ilikuwa yake, maana Mokami, mama mjane, ndiye aliyemwoa Wegesa. Mjane yule hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akatoa ng'ombe kumi na wanne, kama mila ya Wakurya inavyoruhusu, ili Wegesa azae kwa jina la boma lake. Mseti lilikuwa jina la marehemu mume wa Mokami, aliyezolewa zamani na kijito hicho asionekane tena. Operesheni ya vijiji ilipowamwaga hapo kwa lori, mwaka sabini na nne, wanaume walilaani na wanawake wakalaani zaidi. Mokami peke yake alishukuru, akaomba kiwanja cha mwisho kabisa, kinachopakana na maji. Wegesa hakushangaa. Alimpenda kuliko mama aliyemzaa.

Siku ya tano, mchana kweupe, akisonga ugali, akasikia mwanamume akikohoa ndani, kikohozi kizito cha mtu mwenye maji kifuani, akakimbilia chumbani na mwiko mkononi, na humo hamkuwa na mtu ila kichanga chake kilicholala chali, macho wazi, kikimkagua kuanzia miguuni hadi kichwani.

Akambeba mbio kwa mganga Waisiko. Bibi yule alinusa utosi, akaugusa, akarudisha mkono haraka. Akasema pepo amelikalia jina. Kabla kitovu hakijadondoka, aliyelitoa alifute kijitoni na kumpa mtoto lingine, la sivyo Wegesa hana mwana.

Mokami alikubali bila ubishi. Wakachagua Rubeni. Kijitoni Wegesa alimkabidhi mtoto kwa mikono yake mwenyewe, na Mokami akaingia majini mpaka magotini, akainama.

"Mseti," alisema taratibu, "toka sasa. Nimekuletea mwili."

Wegesa akapiga hatua kuelekea majini. "Mama, umesema nini?"

"Nilikuoa unizalie, na umenizalia." Mokami hakugeuka. "Sikusema mwana."

Kitovu kikadondoka majini. Wegesa, aliyesalitiwa na mtu pekee aliyemwamini, alinyoosha mikono, maziwa yakimchuruzika kifuani, akaita Rubeni, akaita tena. Mtoto aligeuza shingo akamtazama, kisha akamkumbatia Mokami na, kwa sauti nzito ya mzee, akamuuliza mkewe huyu mwanamke ni nani.