Sukari Ikae Mahali Pake

Mama alifagia, akapanga, akapangua, akapanga tena. Kwa usafi hana mpinzani. Jana kopo la sukari lilikuwa rafuni, leo limehamia kabatini, na la chumvi limekaa rafuni mahali pake.

Binti yake hakuona hayo, kwa kuwa haoni kabisa. Kwa maneno yake mengi walimwita Chiriku. Alikuwa amemaliza shule, akajifunza na kuoka mikate. Mwokaji wa mtaani alitaka kumwajiri. Ilibaki ruhusa ya mama.

Asubuhi hiyo Chiriku alipika chai. Baba alionja, akatema.

"Umetia chumvi!"

"Basi tumehamia baharini," Chiriku alijibu, lakini alikuwa karibu kulia.

"Mmeona?" mama akasema. "Chai tu inamshinda. Kwenye tanuri si ataungua? Kazi hapana!"

Jirani yao, mwalimu wa wasioona, alikuwa ameingia kuazima ungo, akasikia yote.

"Shoga, hebu fumba macho, unipe sukari."

Mama akafumba. Mwalimu akabadilishana kimyakimya kopo la sukari na la chumvi. Mama alipapasa kabatini, akarudi na chumvi.

"Nani kaihamisha sukari yangu?"

"Mimi. Nimepanga tu, kama wewe."

Baba aliangua kicheko. Mama naye akacheka.

"Mikono yake ndiyo macho yake," mwalimu alieleza. "Kila kitu kikae mahali pake. Ukikihamisha, mwambie. Njiani usimburute, mpe kiwiko akishike mwenyewe. Njia ya kazini nitamfundisha, kwa fimbo yake nyeupe, mpaka aende peke yake."

"Akianguka?"

"Atainuka. Wewe hujawahi kuanguka?"

Mama alimtazama bintiye. "Haya, mwanangu. Nenda."

Chiriku alijifunza njia kona kwa kona. Kazini alipata sehemu yake ya meza, na hakuna aliyegusa vyombo vyake. Mikate yake ikasifiwa. Baadaye akapanga chumba karibu na kazini. Mama alilia, lakini alimfungia sufuria na vikombe.

Siku alipokwenda kumtembelea, mama alitaka kuingia moja kwa moja. Akajizuia. Kwa mara ya kwanza maishani, akabisha hodi kwa mtoto wake.

"Karibu kwangu, mama! Kaa, usinisaidie."

Mama akakaa. Aliletewa chai na mkate wa moto.

"Mungu ambariki yule mwalimu," alisema huku akifuta machozi. "Asante, mwanangu. Leo nimekuwa mgeni wako."