Karatasi za Kufungia Bajia

Mvua ikinyesha, Salomi hufurahi. Watu wa Gujranwala, mji wa Pakistan, wakiona wingu tu, mate yanawatoka. Wanataka bajia za moto na chai. Jumanne hiyo mvua ilipoanza alasiri, Salomi alikuwa ameshakoroga unga wa dengu, vitunguu vimekatwa, mafuta yanachemka kwenye karai.

Kibanda chake kiko mlangoni pa nyumba yake. Mumewe, Inayat Masih, hufagia barabara za mji asubuhi, kisha humsaidia kukaanga. Si matajiri, lakini wanakula wakashiba, na Jumapili Salomi huenda kanisani na shali safi begani.

Mtaani kwao Wakristo ni nyumba nne tu. Wengine wote ni Waislamu. Wapo wasiokula chakula cha mkono wa Mkristo, nao hupita zao. Wengine hula mpaka wakaramba vidole, na wa kwanza wao ni Mwalimu Tasneem, Mwislamu anayekaa ghorofa ya juu. Amestaafu kufundisha shuleni, ila kusema hajastaafu. Kila siku alimwambia Salomi aje kwenye darasa lake la watu wazima. Kila siku Salomi alimjibu kwamba bajia haziulizi kama mpishi amesoma.

Bajia hizo alizifungia kwenye kurasa za madaftari ya zamani ya shule. Aliyanunua kwa kilo kutoka kwa mnunuzi wa makaratasi chakavu, kama wauza bajia wengi wa mjini. Alichana ukurasa, akafunga, akampa mteja. Hakuuangalia. Angeuangalia wa nini, na yeye hajui alifu kwa kijiti?

Siku hiyo Rafaqat, muuza vitambaa wa upande wa pili, alivuka barabara kwenye mvua. Hakuwahi kununua bajia hapo hata moja. Mkononi alishika karatasi yenye mafuta, iliyoachwa dukani kwake na mteja.

"Hii imetoka kwako?"

"Ndiyo, kaka. Ni yangu."

"Ni aya ya Kurani. Umefungia vitunguu aya ya Kurani."

Salomi alishusha kijiko cha kukaangia. Alijua mambo haya yanavyokwenda. Mtu hutangaza kwenye kipaza sauti cha msikiti, umati unakuja, nyumba zinachomwa, na aliyesingiziwa anakaa gerezani miaka akisubiri kesi. Watu walianza kusogea. Rafaqat akasema anakwenda msikitini kutangaza.

Inayat naye alichanganyikiwa kwa hofu. Alikumbatia madaftari yote yaliyobaki, akataka kuyatia kwenye moto wa jiko yapotee kabisa.

"Inayat, weka chini. Usichome chochote." Ilikuwa sauti ya Mwalimu Tasneem, anashuka ngazi na miwani yake. "Ukichoma, watasema umechoma Kurani. Hapo hata mimi sitaweza kukusaidia."

Inayat aliyaweka chini. Mwalimu akaichukua karatasi kwa Rafaqat, akaibusu, akaigusisha machoni kwa heshima. Kisha akaisoma, kuanzia juu.

"Rafaqat, wewe umesoma aya. Na huku juu, ulisoma?"

Rafaqat akainama. Juu palikuwa na jina la mwanafunzi. Mahnoor, binti Rafaqat, darasa la tano.

Watu waliacha kusogea. Kila mmoja alikumbuka madaftari ya watoto wake aliyoyauza kwa kilo. Mwalimu alisema bila kupandisha sauti kwamba sheria ya kuidhalilisha Kurani adhabu yake ni kifungo cha maisha, na kwa hiyo si ya kuchezea. Sheria yenyewe inasema lazima mtu awe amefanya kwa makusudi. Mama huyu hajui kusoma, makusudi yatoke wapi? Mwenye shaka anakwenda polisi, si kwenye kipaza sauti. Na anayewapelekea polisi uongo, naye ana kosa.

"Katiba yetu inampa Salomi haki ya kushika dini yake na kuishi hapa kwa amani," alisema. "Sasa nenda ukatangaze. Ila uanze na nani aliyeuza daftari."

Rafaqat aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akarudi dukani kwake. Salomi alikaa chini akalia, unga wa dengu bado mikononi.

Jioni Mwalimu aliwakalisha Salomi na Inayat. Ukikuta maandishi matakatifu, aliwaambia, usitupe wala usichome. Yaweke pembeni pasafi, umpe Mwislamu unayemwamini. Ukituhumiwa, usibishane barabarani. Piga simu polisi, na uwaambie watu wa kanisa watafute wakili mapema.

Wiki hiyo hiyo mchungaji na imamu walitundika sanduku la kijani kwenye nguzo ya mtaa karibu na kibanda, la karatasi zenye maneno matakatifu. Salomi alianza kufungia bajia kwenye karatasi tupu za kahawia. Na alianza darasa. Herufi zilimtoa jasho kuliko karai.

Miezi minne ikapita, mvua ikarudi. Rafaqat alivuka barabara na rundo la madaftari. Zile kurasa za dini alizitia sandukuni, madaftari yaliyobaki akataka kumwachia mnunuzi wa makaratasi. Ukurasa mmoja ukadondoka karibu na jiko. Salomi alifuta mikono, akauinua, akausoma polepole, herufi kwa herufi.

"Kaka, huu nao ni wa sandukuni. Umeandikwa jina la Mungu."

Rafaqat aliupokea kwa mikono miwili, akautia sandukuni. Alisimama kidogo kwenye mvua, halafu akaomba bajia. Salomi akamfungia. Alizila pale pale kibandani, mbele ya watu wote.

"Pilipili imezidi," alisema, akaomba nyingine.