Jekundu Kushoto Ukirudi

Waliokuwamo ndani ya boti ni hawa. Abdulshakur Doto, muuza mchele wa Kahama, mwenye boti. Mkewe, Mwaisha binti Haruna, asiyejua kuogelea. Na Eliya Maduhu, mchimbaji dhahabu wa Geita, rafiki wa Abdulshakur tangu utotoni. Eliya, si Elias, na kila aliyekosea alisahihishwa papo hapo.

Jumapili ile walikuwa wakitembea ziwani, mbele ya mwalo wa Nungwe, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Abdulshakur akamtania rafiki yake.

"Elias, mbona kimya?"

"Naam," akaitika Eliya, akitabasamu.

Mwaisha alimtazama. Kisha akaziba pua kwa mtandio.

"Baba Zuhura, kuna harufu ya matope humu. Turudi. Uliniahidi kunirudisha salama."

"Nitakufikisha nchi kavu, mke wangu."

Akageuza boti. Mbele ya mwalo miamba imejificha chini ya maji, na maboya mawili, jekundu na la kijani, huonyesha njia salama katikati. Eliya ndiye aliyemfundisha kanuni: jekundu kushoto ukirudi, kulia ukitoka.

"Liweke jekundu kulia," alisema Eliya.

"We! Si tunarudi?"

"Nani alikufundisha, Shakuri?"

"Wewe."

"Basi."

Abdulshakur akatii, na mara chini ya mbao kitu kikaanza kukwaruza, polepole, kama kucha zinazotafuta pa kushika, na ile harufu ikazidi hata ikawa ladha mdomoni, na maji yakawa yanampiga Eliya usoni naye hapepesi macho, na Mwaisha akaung'ang'ania mkono wa mumewe akilitaja jina la Mungu kwa sauti isiyosikika.

"Eliya," alinong'ona Abdulshakur, "umenipotosha."

Mdomo wa Eliya ulikuwa umefumbwa. Sauti ilitoka chini ya boti.

"Sijakupotosha. Kanuni ni ile ile. Ila kwetu ni humu majini. Kwenda nchi kavu ndiko kutoka."

Boti ikapasuka.

Wavuvi walimwopoa Abdulshakur akiwa amelikumbatia boya jekundu. Mwaloni alimkuta Eliya ameketi, nguo zake kavu, kucha zimejaa matope.

"Nilikuamini kuliko ndugu," alisema Abdulshakur. "Mke wangu yuko wapi, Eliya?"

Hakugeuka.

"Elias?"

"Naam," akaitika. "Nimemfikisha nyumbani."

Mwaisha binti Haruna alifariki Jumapili hiyo, alasiri, ziwani.