Sehemu ya Pili ya Asabe

Kila asubuhi, baada ya uji na bagia, Lantana alikaa kwenye jamvi akadarizi kofia. Kitabu kilikuwa mbele yake, kimebanwa kwa jiwe dogo kisijifunge. Alishona kidogo, akasoma kidogo. Kitabu kikinoga, kofia ilisubiri. Ndiyo maana wateja wa kofia zake walikuwa watu wa subira sana.

Lantana aliishi mtaa wa Gwammaja, mjini Kano. Mumewe, Garba, aliuza vitambaa sokoni. Mwanzoni mwa mwaka Lantana alimwambia, "Mwaka huu nataka mwandishi mpya kila wiki. Usiniletee wenye majina makubwa. Niletee wale wanaochapa vitabu vyao wenyewe, wasiojulikana."

"Kama hawajulikani, mimi nitawajuaje?" Garba aliuliza.

"Muulize muuza vitabu. Mwambie akupe cha yule ambaye bado hajauza."

Muuza vitabu alicheka, lakini alitoa. Kila Alhamisi Garba alirudi na kitabu kimoja mfukoni. Lantana akasoma kitabu cha mkunga wa Katsina. Akasoma cha askari mstaafu. Akasoma cha msichana aliyekuwa akiuza fura, kinywaji cha mtama na maziwa, barabarani. Kila alipomaliza, aliandika kwenye daftari lake. "Huyu anajua kuchekesha." "Huyu aache kuhubiri." "Huyu amenichosha, lakini mwisho wake mtamu."

Ijumaa alasiri wanawake wa mtaa walikuja uani kwake. "Dada Lantana, wiki hii tusome nini?" Alichokisifu kilinunuliwa. Waume walitumwa sokoni kesho yake. Alichokiponda hakikuguswa na mtu.

Ila Lantana alikuwa na ugonjwa mmoja. Waandishi aliowavumbua aliwaita wake. "Mkunga wangu." "Askari wangu." Siku moja jirani yake Ladidi alisema kwamba yeye alishamsoma yule mkunga zamani, tena kabla ya Lantana. Lantana alinuna siku tatu.

"Wenzio wanaona wivu juu ya mume," Garba alimtania. "Wewe unaona wivu juu ya karatasi!"

"Na wewe ungekuwa na kurasa mia mbili, ningekuonea wivu," Lantana alijibu.

Wakacheka. Lakini ugonjwa usiotibiwa haukai pale ulipoanza.

Katika wiki ya thelathini na nne, Asabe alipiga hodi. Asabe alikaa nyumba ya jirani, upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mwanamke mpole, mdogo kwa Lantana. Miaka sita kabla ya hapo hakujua kusoma hata jina lake. Kisha akaingia darasa la wanawake watu wazima. Kitabu chake cha kwanza aliazimwa na Lantana. Alikisoma kwa kufuata mistari kwa kidole, huku akinong'ona.

"Dada Lantana, nimekuletea zawadi," Asabe alisema. Akatoa kitabu chembamba chenye jalada la buluu.

Lantana akasoma jalada. *Binti wa Mtia Rangi. Sehemu ya Kwanza.* Chini yake kulikuwa na jina: Asabe Sani.

"Asabe Sani ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi, dada."

"Wewe nani?"

"Mimi huyu." Asabe alicheka kwa aibu. "Nimekiandika mwenyewe, nimekichapa mwenyewe. Nakuomba ukisome. Ijumaa uwaambie wenzetu ulivyokiona. Neno lako wanalisikia."

Lantana alitabasamu. Alishukuru. Asabe alipotoka, tabasamu nalo likatoka.

Alifungua kitabu ili akute makosa. Hakuyakuta, ila mashangazi walikuwa wengi mno. Hadithi ilimhusu Zulai, ambaye baba yake alitia nguo rangi kwenye mashimo ya rangi ya buluu. Kazi ile ni ya wanaume. Baba akaugua. Zulai akavaa kanzu ya kaka yake, akafunika uso, akaenda kuchovya nguo mwaka mzima. Hakuna aliyejua. Kisha akaposwa. Siku ya harusi alificha mikono yenye rangi ndani ya mtandio. Mama mkwe akaleta maji kwenye beseni. "Toa mikono, mwanangu, nikuoshe," alisema. Wageni wote wakageuka kumtazama Zulai.

Kurasa zikaishia hapo.

"Lantana!" Garba aliita kutoka mlangoni. "Kuna nini jikoni? Moshi umejaa nyumba nzima!"

Bagia zilikuwa zimeungua, zimekuwa makaa. Lantana hakusikia harufu. Roho ilikuwa ikimuuma. Alikuwa amesoma vitabu thelathini na vitatu mwaka ule, na mamia kabla yake. Asabe alijifunza irabu juzi. Kwa nini kipaji kimwendee Asabe? Mimi niliyemwazima kitabu cha kwanza, nimebaki na nini? Maneno hayo aliyasema moyoni, na kila alipoyasema yalimchoma upya.

Alifungua daftari. Mbele ya wiki ya thelathini na nne akaandika neno moja: "Kawaida."

Ijumaa wanawake walikuja. Walikuwa wameshasikia habari. Asabe mwenyewe alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, amebeba vitabu vyake kwenye sinia.

"Haya, tuambie," Ladidi alisema. "Kitabu cha Asabe kikoje? Tukinunue?"

Lantana alikunja midomo. "Mnajua wenyewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Wanawake wakaguna.

"Si cha kununua," Lantana aliendelea. "Mkitaka kukiona, chukueni hiki changu. Mtu asome, ampe mwenzake. Mbona mpoteze pesa?"

Alionekana mkarimu. Moyoni alijua alichofanya.

Kitabu kile kimoja kikazunguka nyumba kumi na nane. Kikarudi kimechakaa, jalada limepauka, kina alama ya mafuta ukurasa wa tisa. Na kila aliyekisoma alimuuliza Lantana swali lile lile.

"Zulai alitoa mikono?"

"Nitajuaje mimi?"

"Wewe si ndiye mjuzi? Sehemu ya pili iko wapi?"

Ladidi alikuja mara nne. "Mwenzangu, nimeota beseni! Ulisema kitabu cha kawaida, mbona hakinitoki kichwani?"

Wala hakikumtoka Lantana. Alisoma vitabu vingine, wiki ya thelathini na tano, ya thelathini na sita. Katikati ya ukurasa alimwona Zulai na mtandio wake. Hadithi za kule hutoka kwa sehemu. Ukimaliza ya kwanza, unangoja ya pili. Lantana hakuwahi kujiuliza ya pili inatoka wapi. Kwake ilikuja tu, kama mvua.

Mwishowe alimtuma Garba sokoni. Garba akarudi mikono mitupu.

"Hakuna sehemu ya pili," alisema. "Na ya kwanza bado imefungwa kwa kamba. Muuza vitabu anasema ameuza nakala tatu tu. Anataka kumrudishia mwenyewe, nafasi ni ndogo."

Lantana alishindwa kuvumilia. Akajitanda mtandio, akaenda kwa Asabe.

Asabe alikuwa anapepeta mtama. Alifurahi. "Karibu, dada, karibu ndani."

Lantana aliingia chumbani, akasimama. Ukuta mmoja ulikuwa mtupu. Pale ndipo yalipokuwa mabakuli ya harusi ya Asabe, yale yenye maua, yaliyopangwa moja juu ya jingine mpaka karibu na dari. Mama yake alimnunulia moja moja tangu Asabe akiwa mtoto. Kule, mwanamke huonyesha mabakuli hayo kwa fahari kila mgeni akija.

"Mabakuli yako yako wapi?" Lantana aliuliza.

"Nimeyauza. Ndiyo yaliyochapa kitabu." Asabe alijaribu kucheka. "Usinitazame hivyo. Nilidhani sehemu ya kwanza itauzwa, ichape ya pili. Basi, haikuuzwa. Watu wanaipenda lakini hawainunui. Labda sikuandika vizuri, dada. Wewe ulionaje? Hukuniambia."

Lantana alikwepa swali. "Ya pili umeandika?"

Asabe akatoa daftari chini ya godoro. Lilikuwa limejaa mwandiko mdogo, mnyoofu. "Hii hapa yote. Haitachapwa tena. Chukua usome wewe. Wewe ndiye uliyenifungulia mlango wa kusoma. Angalau mtu mmoja ajue Zulai alifanya nini."

Lantana alirudi nyumbani na daftari kifuani. Sasa alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine mtaani aliyekuwa nacho. Mwandishi wake peke yake. Hadithi yake peke yake. Si ndicho alichokitaka siku zote? Akaketi, akaliweka gotini. Mkono haukufungua.

Malama Hadizatu alimkuta hivyo hivyo. Malama Hadizatu alikuwa mwalimu wa darasa la watu wazima. Naye aliwahi kuchapa vitabu vyake vitatu. Alikuja kuchukua kofia ya mumewe, aliyoingoja tangu mfungo.

"Kofia tayari?"

"Bado, Malama."

"Nilijua. Mbona unalia?"

Lantana hakujua kwamba analia. Akamweleza yote. Neno "kawaida". Ile methali. Kitabu kimoja kilichozunguka nyumba kumi na nane. Mabakuli. "Ni wivu, Malama," alisema. "Nilimwonea wivu mpaka nikashindwa kula."

Malama Hadizatu hakumkemea. Aliketi jamvini. "Wewe umesoma vitabu vingapi mwaka huu?"

"Arobaini kasoro kimoja."

"Na unadhani vilikufikiaje?"

"Garba aliniletea."

"Loo! Mwanamke msomi wewe!" Malama alicheka. "Sikiliza. Mwandishi anayejichapia hana kampuni nyuma yake. Ndiye mwandishi, ndiye mwenye gharama, ndiye mchukuzi. Anampelekea mpiga chapa, anangoja, anabeba vitabu kichwani mpaka sokoni. Vikiuzwa, anachapa sehemu ya pili. Visipouzwa, hadithi inakufa katikati. Wasomaji wanaendelea kungoja, hawajui kwamba wao ndio walioiua."

"Lakini kuazimana vitabu ni vibaya? Mimi mwenyewe nilimwazima Asabe."

"Ulimwazima mtu asiyekuwa na kitu, ukampa macho. Hiyo ni sadaka. Hawa kumi na nane walikuwa tayari kununua, ukawazuia. Hayo ni mambo mawili. Asiye na uwezo mwazime. Mwenye uwezo mwache anunue, hata wawili washirikiane nakala moja. Na ile methali yako uiache kwa wauza samaki. Kitabu cha mtu asiyejulikana lazima kitembezwe. Hakina mdomo. Mdomo wake ni msomaji aliyekipenda."

"Sasa nifanyeje?"

"Sema ukweli. Kizuri chake ukitaje. Kibaya chake nacho ukitaje, mwandishi anakihitaji. Kisha ukae kimya, watu waamue." Akasimama. "Na ushone kofia yangu."

Lantana alirudisha daftari siku ile ile. Alisimama mlangoni kwa Asabe, akasema, "Sijasoma hata mstari. Njoo Ijumaa. Utanichukia, lakini njoo."

Ijumaa ua ulijaa. Asabe aliketi nyuma, karibu na mlango. Lantana alishika kitabu kilichochakaa.

"Niliwaambia kitabu hiki si cha kununua," alianza. "Nilisema uongo. Kitabu hiki kiliniunguzia bagia."

Wachache wakacheka.

"Nilimwonea Asabe wivu. Mimi nasoma tangu mtoto, na siwezi kuandika ukurasa mmoja kama wake. Sehemu ya pili ameshaiandika. Haichapwi kwa sababu nyumba kumi na nane tulisoma nakala moja, na mimi ndiye niliyeizungusha. Ameuza mabakuli yake ya harusi ili sisi tusome bure."

Hakuna aliyecheka tena. Wanawake wakageuka kumtazama Asabe. Asabe aliinamisha kichwa.

"Na kasoro je?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hakina kasoro?"

"Kinayo," Lantana alisema. "Mashangazi wamezidi. Wako saba, siwezi kuwatofautisha."

Asabe akacheka huku machozi yanamtoka. "Nimekukasirikia, dada," alisema. "Sana. Lakini mashangazi ni kweli."

"Wee Lantana!" Ladidi alipiga kelele. "Mwezi mzima ninaota beseni kwa ajili ya roho yako mbaya! Asabe, nipe kimoja. Hapana, viwili, na dada yangu wa Zaria apate."

Kesho yake waume kumi na nne walifika kwa muuza vitabu. Ile kamba ikakatwa. Wanawake wakawapigia simu ndugu zao wa mitaa mingine, nao wakanunua. Mwezi wa mwisho wa mwaka, Asabe alimpelekea mpiga chapa daftari lake.

Wivu wa Lantana haukuisha kabisa. Bado uliamka mtu aliposema, "Asabe wetu." Lakini sasa ulipoamka, alichukua daftari lake, akaandika kwa haki alichokisoma. Kule kwenye wiki ya thelathini na nne alifuta neno "Kawaida". Akaandika: "Bora kuliko vyote mwaka huu. Mashangazi wapunguzwe."

Katika wiki ya hamsini na mbili, Garba alirudi na kitabu cha jalada la buluu. "Nimepanga foleni," alilalamika. "Mimi, mtu mzima, foleni ya hadithi!"

Lantana alikuwa jikoni. Aliweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kanga, akafungua ukurasa wa kwanza akiwa amesimama.

*Zulai akatoa mikono. Ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni. "Nioshe, mama," alisema. "Lakini rangi haitatoka. Hii ndiyo iliyomlisha baba yangu."*

*Mama mkwe akainama juu ya beseni.* Lantana akageuza ukurasa. Nyuma yake bagia zikaanza kuungua, na safari hii Garba alizitoa motoni mwenyewe.